Ruzuku ya kujiandaa na maafa: hela zinapita njia gani, na bwana shamba anaingiaje

Ukitaja neno ruzuku hapa Masasi na Newala, watu wengi hufikiria salfa. Wanafikiria foleni kwenye ghala la AMCOS, jina lililopo au lisilopo kwenye orodha, na mfuko unaobebwa kwa bodaboda kabla mikorosho haijaanza kutoa maua. Hiyo ni ruzuku ya pembejeo. Serikali inalipa bei yote au sehemu yake, wewe unachukua mzigo na unakwenda nao shambani.

Leo tunaeleza ruzuku ya aina nyingine, ambayo haiji kwenye mfuko. Ni fedha zinazotolewa kwa kikundi, kwa asasi au kwa halmashauri ili watu wafundishwe kujiandaa na maafa kabla hayajafika. Fedha za namna hii zinaweza kupitishwa kwenye huduma za ugani, yaani kwa mabwana shamba na mabibi shamba. Hazirudishwi kama mkopo. Lakini zina masharti, zina hesabu, na zina njia zake. Asiyezijua njia hizo huwa anasikia tu kwamba mradi ulipita kata ya jirani.

Tunaandika tukiifikiria Chiwata, kwa sababu Chiwata iko ukingoni. Upande mmoja kuna uwanda wa juu wa Makonde unaoelekea Newala, wenye mchanga unaonyonya maji upesi na visima vya shida. Upande wa pili mteremko unashuka kwenye tambarare ya Masasi yenye vilima vya mawe. Watu wa ukingoni wanapata shida za juu na za chini kwa pamoja: kiangazi kinachokausha matenki, na mvua kubwa inayochimba makorongo kwenye njia za kushuka.

Maafa yenye jina na maafa yasiyo na jina

Tunaposikia neno maafa, akili inakwenda kwenye kimbunga. Si vibaya, maana vimbunga vinatuhusu. Lindi ilipigwa na kimbunga Aprili 1952. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, baada ya mkoa wetu wa Mtwara kukaa kwenye tahadhari. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Kwenye ramani Mafia ni mbali na Chiwata, lakini mvua zilizoambatana nacho zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa, na mabasi na malori yakakwama kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mtu wa uwanda wa juu anaweza asiuone upepo wenyewe, akauona kwenye bei ya mafuta, sukari na dawa za dukani. Kijiji ambacho kimewahi kujadili swali la "barabara ikikatika wiki nzima tunafanyaje" kinajua nani ana mgonjwa wa dawa za kila siku na nani anakaribia kujifungua. Kisichowahi kujadili hutafuta majibu siku hiyohiyo.

Kuhusu miteremko, funzo lilitoka Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani vikaingia Katesh na vijiji vya jirani, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Ukingo wetu si mlima Hanang na udongo wake si ule. Hata hivyo, dalili za ardhi inayotaka kuondoka zinafanana mahali pengi: nyufa mpya juu ya mteremko, miti na nguzo zinazoanza kuinama, chemchemi iliyokuwa safi inayotoa maji ya tope, milango ya nyumba inayokwama ghafla wakati jana ilifungika vizuri. Hayo mtu hufundishwa kwa nusu saa. Kinachohitaji muda ni kukubaliana nani anampigia nani simu usiku, na watoto wanakimbilia upande upi.

Lakini maafa mengi ya kwetu hayana jina kama vimbunga. Mvua za msimu huanza Novemba au Desemba, kisha katikati zinakata wiki tatu na mahindi yananyauka yakiwa kwenye kubeba. Moto wa kusafisha shamba unaruka mpaka na kuingia kwenye mikorosho ya jirani iliyotunzwa miaka kumi na mitano. Tembo wanapita usiku. Viwavijeshi vamizi, walioanza kuonekana nchini mwaka 2017, wanakula moyo wa mhindi kabla mkulima hajajua amelala na mgeni. Hakuna kati ya haya kinacholeta helikopta, wala waziri mwenye buti. Lakini ndiyo yanayopeleka familia kwenye kuchimba ming'oko.

Tukae kidogo kwenye muhogo, kwa sababu hapo ndipo elimu hii inapoonyesha kazi yake.

Wazee wetu waliufanya muhogo kuwa benki ya njaa, na walikuwa na sababu. Unavumilia mchanga, unavumilia ukame, unakaa ardhini na unachimbwa kidogo kidogo. Lakini kuna ugonjwa wa michirizi kahawia, ambao wataalamu wa kituo cha Amani, Tanga, waliueleza tangu miaka ya 1930, na makao yake makubwa ni ukanda huu wa pwani na kusini. Ubaya wake ni kwamba shina linaweza kusimama likionekana zima. Majani ya chini yanakuwa na umanjano kando ya mishipa, shina linapata michirizi, na mtu asiyefundishwa hasemi kitu. Kule chini kiazi kinaoza, kinakuwa na madoa makavu ya kahawia kama gome. Familia inakwenda kuchimba akiba yake mwezi wa njaa, inapasua kiazi cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kukuta haviliki. Akiba iliyohesabiwa kwa mwaka mzima haikuwapo.

Ugonjwa huo unaenezwa na inzi weupe, na unaenezwa zaidi na sisi wenyewe tunapopeana vipando vyenye ugonjwa kwa nia njema. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, hapa hapa mkoani Mtwara, kimefanya kazi miaka mingi kutafuta aina zinazostahimili, na Kiroba ni moja ya aina ambazo wakulima wa pwani wamezijua kwa uvumilivu wake. Kwa hiyo kumfundisha mkulima kutazama jani la chini, kung'oa shina lenye dalili na kuchukua vipando mahali vilipokaguliwa ni elimu ya kilimo, na ni elimu ya maafa vilevile. Anayeitoa ni bwana shamba. Mtaalamu wa uokoaji kutoka mjini hana habari na jani la muhogo.

Ofisi mbili, mlango mmoja

Sasa tufike kwenye hela. Jambo la kwanza kuelewa ni kwamba mambo haya mawili, maafa na ugani, yako chini ya ofisi tofauti.

Maafa yako Ofisi ya Waziri Mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa, wilaya na kata hadi kijiji. Ndiyo, kijiji chako kinatakiwa kuwa na kamati ya maafa. Muulize mtendaji wa kijiji majina ya wajumbe wake na walikutana lini mara ya mwisho. Ni swali la heshima na ni haki yako kuliuliza.

Ugani uko kwingine. Sera yake inatoka Wizara ya Kilimo, lakini bwana shamba mwenyewe ni mtumishi wa halmashauri, chini ya mkurugenzi wa wilaya. Lengo la serikali kwa miaka mingi ni kila kijiji kuwa na wake. Hatujafika huko. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na maafisa ugani wa kilimo karibu 7,000 wakati mahitaji yalizidi 20,000, na ndiyo maana mmoja alihudumia vijiji kadhaa. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aligawa pikipiki kwa maafisa ugani jijini Dodoma, na zilisaidia. Pikipiki bila mafuta, hata hivyo, ni kivuli cha kuku.

Ofisi hizi mbili zinakutana kwenye kata. Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani, na mtendaji wa kata akiwa katibu wake, ndiyo meza ambayo mipango ya vijiji hupita kabla ya kwenda halmashauri. Mradi wa elimu ya maafa kupitia ugani ukipelekwa wilayani bila kupita hapo, mara nyingi utarudishwa kwa swali moja: je, umo kwenye mpango wa kijiji? Swali hilo limeua maombi mengi kuliko ukosefu wa fedha, kwa maoni yetu.

Halikuanza leo. Wenye umri watakumbuka RIPS, mradi uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 hadi 2005, uliokalisha watu chini ya mwembe wachore ramani za vijiji vyao na waseme wenyewe kinachowasumbua. Baadaye ikaja Programu ya Kuendeleza Sekta ya Kilimo, ASDP, kuanzia 2006. Hiyo ilikuwa na mfuko wa pamoja wa serikali na wafadhili, na ilipeleka ruzuku wilayani kwa mafungu: la uwekezaji wa kilimo, la huduma za ugani na la kujenga uwezo. Fedha zilifuata mipango ya maendeleo ya kilimo ya wilaya, na mipango hiyo ilitakiwa kuanzia vijijini kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kwenye miradi ya jamii wanakijiji walitakiwa kuchangia sehemu yao. Wafadhili wamebadilika na majina ya programu yamebadilika. Utaratibu wa kwamba hela inafuata karatasi iliyoanzia kijijini haujabadilika.

Wenzetu wa Marekani nao wana mfumo unaofanana, ila kwao ugani unasimamiwa na vyuo vikuu vya majimbo kwa sheria ya mwaka 1914. Baada ya mafuriko makubwa ya bonde la mto Mississippi mwaka 1993, vyuo hivyo viliunda mtandao wa elimu ya maafa unaoitwa EDEN, ili bwana shamba wa jimbo moja asianze kuandika upya somo ambalo wa jimbo jingine ameshaliandika. Serikali yao ina ruzuku ya kushindania kwa kazi hiyo, na chuo kinachoomba kinatakiwa kuleta mchango wake. Tunalitaja hili kwa sababu watu hudhani kuchangia ni masharti ya nchi maskini tu.

Milango iliyopo

Kwa kikundi cha Chiwata au cha Kitangari, ruzuku zinazoweza kufikiwa si nyingi, lakini zipo.

Kuna Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani, ambayo hapa nchini inaendeshwa kupitia UNDP. Inatoa fedha kwa vikundi vya kijamii na asasi zisizo za kiserikali, na kwa miaka mingi kiwango cha juu kwa mradi mmoja kilikuwa dola 50,000 za Marekani. Hawatoi kwa neno maafa peke yake. Wanataka kuona mazingira: udongo, misitu, mabadiliko ya tabianchi. Kuzuia makorongo ukingoni na kupunguza moto wa mashamba vinaingia humo bila kulazimisha.

Kuna Mfuko wa Misitu Tanzania, uliotokana na Sheria ya Misitu ya 2002, ambao nao hutoa ruzuku kwa watu binafsi, vikundi na taasisi kwa kazi za misitu, pamoja na elimu. Kijiji chenye msitu wake kwenye mteremko, au kinachotaka kuurudisha, kinaweza kubisha hapo.

TASAF siyo ruzuku ya elimu. Lakini kazi zake za ajira za muda, ambazo kaya za walengwa hulipwa ujira kwa kazi za jamii, zimewahi kuchimba malambo, kupanda miti na kutengeneza njia mahali pengi. Bwana shamba akihusishwa mapema kuchagua kazi, kwa mfano makinga maji juu ya mteremko, kijiji kinapata somo na kinga kwa ujira uleule.

Kuna pia asasi zinazofika zenyewe. Mfuko wa Aga Khan umefanya kazi za kilimo Lindi na Mtwara tangu 2009. Msalaba Mwekundu unafundisha watu wa kujitolea huduma ya kwanza na tahadhari. Hawa kwa kawaida huja na bajeti iliyokwisha kupangwa. Nafasi ya kijiji ni kuwaomba watumie kalenda ya shamba, wasije kufundisha mwezi ambao kila mtu yuko kwenye korosho.

Tuseme na lisilo ruzuku. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, lakini unarudishwa. Kikundi kinachouchukua kwa kazi ya elimu ambayo haitaingiza shilingi kitajikuta kinauza mbuzi wa wanachama kulipa deni.

Na mtu akikupigia simu akisema jina la kijiji chenu limepita, tuma ada ya fomu kwa namba hii, huyo ni mwizi. Programu za ruzuku tulizozitaja hazichukui ada ya fomu kwa simu ya mtu. Ukiombwa chochote na mtumishi ili ombi lipite, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113.

Bajeti inayobaki kijijini

Hapa ndipo tungependa msikilizaji wetu aweke simu karibu, kwa sababu fedha za elimu ni rahisi kuliko zote kuyeyuka. Barabara isipojengwa watu wanaona. Mafunzo yasipofanyika vizuri, kuna karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 40 na hakuna wa kubisha.

Tuchukue mfano wa hesabu. Bei ni za kukadiria, mwaka wenu zitakuwa nyingine. Kijiji kina vitongoji sita na kinaomba ruzuku ya msimu mmoja. Mafuta na matengenezo ya pikipiki ya afisa ugani, shilingi 60,000 kwa mwezi kwa miezi minane, ni 480,000. Mashamba darasa manne ya vipando vilivyokaguliwa vya muhogo, 350,000 kila moja, ni 1,400,000. Vipima mvua vinne kwa 40,000 ni 160,000. Kipaza sauti kimoja kwa kila kitongoji, 90,000 mara sita, ni 540,000. Chakula cha watu 40 kwa siku 12 za mafunzo, sahani ya 3,000, ni 1,440,000. Mazoezi mawili ya tahadhari, moja la moto na moja la mteremko, 300,000 kila moja, ni 600,000. Koleo, mapanga na ndoo za kikosi cha moto ni 500,000. Hesabu, benki na ufuatiliaji ni 400,000. Jumla 5,520,000.

Fedha hizohizo zinaweza kwisha kwa semina ya siku mbili mjini: ukumbi, usafiri, posho za wawezeshaji, posho za washiriki, chakula, fulana. Watu watafurahi, picha zitapigwa. Oktoba ikifika hakuna kipaza sauti kwenye kitongoji hata kimoja.

Hatusemi posho ni dhambi. Mtumishi anayetoka kituo chake kwa kazi ana stahiki zake na anazihitaji. Tunasema msomaji wa bajeti atazame mstari mmoja mmoja na kujiuliza: mradi ukiisha, kitu hiki kitakuwa wapi? Mafuta yatakuwa yamechomwa, sawa, lakini yamemfikisha bwana shamba mara thelathini. Kipima mvua kitakuwa nyuma ya shule, na mtoto wa darasa la sita anajua kukisoma. Vipando vitakuwa vimezaa vipando vingine, na kila aliyepewa amerudisha kwa wawili. Hayo ni majibu. "Uelewa umeongezeka" si jibu.

Nchi hii iliwahi kufanya jambo la namna hii kwa ukubwa ambao haujarudiwa, na redio ilikuwa katikati yake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, kwa msaada wa fedha za Sweden, iliweka watu wanaokadiriwa kufika milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki kumi na mbili. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa na kijitabu. Kipindi kikiisha, watu walijadili, kisha walitoka na jembe. Vyoo vilichimbwa, mazalia ya mbu yalifukiwa. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huohuo. Fedha ilinunua karatasi, mafunzo ya viongozi na muda wa matangazo, na shimo lilichimbwa na mwenye nyumba. Simu ya leo inaweza kufanya kazi ya redio ile na zaidi, lakini mtu wa kukalisha watu pamoja baada ya ujumbe kuingia bado anatakiwa.

Ujumbe wenyewe upo. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa mvua za msimu kabla hazijaanza, na hutoa taarifa za hatari kwa hatua: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Tunazisoma hewani. Tatizo ni kwamba neno "juu ya wastani" halimwambii mama mwenye ekari moja ya mbaazi na nusu ekari ya mpunga bondeni afanye nini. Bwana shamba anaweza kulitafsiri: panda mpunga mapema, safisha mifereji, usiweke chakula chote ghala la bondeni. Msimu ukitabiriwa chini ya wastani anasema: ongeza mtama na kunde, punguza mahindi, usiuze muhogo wote kwenye mnada. Kumlipia mafuta afike kila kitongoji ndani ya wiki mbili za kutoka kwa taarifa hiyo ndiyo matumizi bora ya ruzuku tunayoyajua, na ni shilingi chache.

Karatasi za kuandaa

Kikundi kinachotaka kuomba kinahitaji katiba na cheti cha usajili kutoka halmashauri, kupitia afisa maendeleo ya jamii. Kinahitaji akaunti ya benki yenye watia sahihi zaidi ya mmoja. Kinahitaji muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoonyesha kwamba jambo lilijadiliwa na kukubaliwa, tarehe, idadi ya waliohudhuria wanawake na wanaume, na muhuri. Mkutano mkuu unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, kwa hiyo ukikosa mmoja umepoteza robo ya mwaka.

Andikeni na mchango wenu kwa shilingi. Watu 30 waliofyeka njia ya kuzuia moto kwa siku mbili ni siku 60 za kazi; zizidisheni kwa kibarua cha kijijini kwenu. Shamba la darasa alilotoa mzee mmoja ni mchango. Chumba cha AMCOS cha kuhifadhia vifaa ni mchango. Vikundi vingi huandika "wananchi watashiriki" na kuacha hapo, na anayechambua maombi anasoma kwamba kijiji hakitatoa kitu.

Muwekeni bwana shamba au bibi shamba kwenye ombi kwa cheo, na barua ya mkurugenzi inayoruhusu muda wake. Asipotajwa, atakuja kama mgeni. Akitajwa bila ruhusa, atahamishwa katikati ya msimu na mradi utabaki na jina lake. Ombeni pia kwamba kila somo afundishe pamoja na mkulima mmoja wa kitongoji, ili siku akihama, somo lisihame naye.

Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai, na vijiji hutakiwa kupeleka vipaumbele vyao miezi mingi kabla, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Kwa Chiwata na majirani zake maana yake ni kwamba ajenda ya maafa inatakiwa kusomwa kwenye mkutano mkuu wakati korosho bado ziko mnadani na mvua za kwanza zinanyesha, muda ambao ni mgumu kuwapata watu. Wengine wameona njia rahisi: kuuitisha mkutano siku ya malipo ya AMCOS, mahali hapohapo penye ghala, saa nne asubuhi kabla watu hawajatawanyika.